Siku Niliyompandisha Shemeji Yangu Kwenye Theluji

Niliporudi Maskati kutoka masomoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuja na picha moja ambayo mke wangu aliipenda kuliko zote. Nimesimama nje ya hoteli ya mlimani huko Ulaya, theluji inanifika magotini, nimevaa koti jekundu na nimeshika zile mbao mbili ndefu za kutelezea. Tulipooana aliitia fremu akaitundika sebuleni kwetu Ghubra, juu ya televisheni, na kila mgeni akiuliza habari zake.

Ukweli ni kwamba koti halikuwa langu, wala mbao. Likizo za baridi nilikuwa nikifanya kazi kwenye stoo ya chini ya hoteli ile. Wageni wakirudi jioni walinikabidhi mabuti yaliyorowa nikayakausha, mbao nikazifuta, na asubuhi nikawafunga mabuti miguuni mmoja mmoja. Majira mawili nilishika mbao za watu sijui wangapi, na sikuwahi kusimama juu ya hata moja. Kule sikuiona kazi ile kuwa aibu. Haya zilinijia nyumbani, nilipopewa meza ofisini na watu wakaanza kuniita mhandisi.

Siku moja rafiki yangu wa kazini alikuja kula chakula cha mchana. Akaitazama picha, akaniuliza mbele ya mke wangu, "Kumbe ulikuwa ukiteleza?"

"Nikiteleza," nikasema.

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Lakini watu wakaniuliza zaidi, nami nikawajibu. Nikawasimulia upepo unavyokata masikio, na jinsi nilivyoanguka nikainuka, yote niliyoyasikia kwa wageni wakivua mabuti. Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, tuliyemchukua kukaa kwetu wazee wao walipofariki. Wakati huo alikuwa bado anasoma shule. Alikulia kwenye hadithi zile.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Kisha Dubai wakajenga jumba la theluji, mlima mzima ndani ya jengo, na Maskati nzima ikawa haizungumzi jingine. Rafiki yangu akasema twende, familia zote mbili. Wikiendi zetu siku hizo zilikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Jumatano baada ya kazi tukaondoka magari mawili: mimi, mke wangu, mama yangu na shemeji, nyuma yetu rafiki yangu na mkewe. Mama alichukua chupa mbili za chai na sambusa za kulisha harusi. Mpakani, tukisubiri mihuri, rafiki yangu alinipiga bega. "Mwalimu wetu huyu," akamwambia askari, ambaye hakuwa na habari na sisi.

Asubuhi ya Alkhamisi, kwenye fleti tuliyokodi, mama aliniita jikoni.

"Mwanangu, mimi barua zako zote nnazo," alisema taratibu. "Uliniandikia unafuta mbao za watu. Waambie sasa hivi. Watacheka, na yatakwisha."

"Nitawaambia, mama."

Sikuwaambia. Pale jumbani walituvika makoti mazito, na mama, koti juu ya buibui, alicheka mpaka machozi yakamtoka alipojiona kwenye kioo. Binti wa mapokezi akauliza nani anajua kuteleza. Asiyejua huanzia kwenye darasa, kwenye kiteremko kidogo cha chini. Rafiki yangu akaninyooshea kidole, "Huyu hapa!" Binti akamtazama shemeji aliyesimama ubavuni mwangu. "Na huyu?"

"Yuko na mimi," nikamjibu. "Anajua."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nililisema hilo. Nadhani niliogopa kupanda peke yangu.

Nilipiga goti nikamfunga mabuti. Hilo nililijua vizuri, vidole vyangu havikusahau, na yeye alinitazama kwa fahari. Tukakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, kikatupandisha juu. Kushuka tu nikaanguka, naye akaniinua.

Chini, watu wetu walikuwa wadogo kama punje za mchele. Mke wangu alikuwa akitupungia mikono yote miwili.

"Sasa tunafanyaje, shemeji?" akaniuliza.

"Pinda magoti. Egemea mbele."

"Na kusimama?"

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mgeni hata mmoja mtu anasimamaje. Nikasema, "Utasimama mwenyewe, chini pale panapokuwa tambarare."

Alinitazama. Akautazama mteremko, kisha mikono yangu iliyong'ang'ania uzio.

"Basi natangulia mimi," akasema.

Alikwenda vizuri kwa muda mfupi, kisha kasi ikamchukua. Niliona mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. Akapita kando ya mwanamke mmoja aliyejirusha kumkwepa, akauvaa ukuta wa pembeni. Kishindo chake nilikisikia kutoka juu.

Mimi nilivua mbao nikazitia begani, nikateremka kwa miguu nikishikilia uzio, na palipozidi kuteleza nikakaa chini nikajikokota kwa makalio. Nilipofika, wahudumu walikuwa wameshamzunguka. Alikuwa amekaa, ameshika mkono wake wa kulia, midomo imemkauka. Mke wangu akaja mbio na mabuti yake mazito.

"Imekuwaje?"

Hapo ndipo ningesema. Rafiki yangu alikuwa amefika na mkewe, na mama nyuma yao, wote macho kwangu.

"Nilimwambia asubiri," nikasema. "Hakunisikiliza."

Shemeji aliinua uso akanitazama. "Kweli, dada. Sikumsikiliza."

Mama aligeuka akatazama kwingine.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Tulirudi Ijumaa, na sambusa zilizobaki hakuna aliyezigusa. Jumamosi ile alitakiwa aanze kazi ya kupaka magari rangi kwenye gereji moja ya mtaa wa Ghala, kazi aliyoitafuta mwaka mzima. Mwenye gereji alimsubiri wiki mbili, kisha akamchukua mwingine. Yeye akawa anashinda nyumbani, mkono kwenye plasta, akila kwa kijiko na mkono wa kushoto, na kila akija mgeni akimwomba radhi kwa hilo. Mke wangu akawa hamwachi. "Ungemsikiliza mwenzio anayejua!" Anamwambia mezani, mimi nipo, natafuna wali. Naye hujibu, "Ndiyo, dada."

Nilistahimili hivyo karibu mwezi. Siku moja baada ya chakula cha mchana mke wangu akaanza tena, nikamkatiza. "Mwache. Ni mimi." Nikamweleza yote, kuanzia stoo ya hoteli. Hakupiga kelele. Aliinuka akaenda chumbani kwa mama, nikamsikia akiuliza, "Mama, ulijua?"

"Nlijua," mama akajibu.

Kwamba mama naye angeingia lawamani, sikutarajia. Mke wangu aliacha kusema na mimi, na kwa siku kadhaa akaacha kusema na mama pia, mama ambaye kosa lake lilikuwa kunistahi mimi.

Shemeji nilimkuta barazani. Nikamwomba msamaha, maneno yakanitoka ovyo ovyo.

"Nilijua tangu kule juu," akasema. "Ulivyoung'ang'ania ule uzio."

"Kwa nini basi ukateremka?"

"Wote walikuwa chini wanakutazama wewe. Ilibidi mmoja wetu ateremke."

Baadaye alipata kazi kwenye gereji moja huko Wadi Kabir, ya chini kuliko ile ya kwanza, na mpaka leo anapaka rangi magari. Mkono ulipona ila hauzunguki wote. Mke wangu alinisamehe polepole, sijui ni siku gani. Yeye shemeji hajawahi kunikumbusha habari ile, si kwa hasira wala kwa mzaha. Hukaa nami tukanywa kahawa, akaniuliza hali, akanisikiliza kwa adabu ile ile ya utotoni. Mara nyingine natamani anikumbushe.