Joho la Jemadari

Kaka yangu ametundika pazia jekundu sebuleni kwake, Manyamanyama. Linanuka moshi na dagaa, kama lile ambalo mama alilikata akamshonea joho tukiwa watoto Kisorya.

Ijumaa Kuu ile tuliigiza mateso kanisani. Kaka alikuwa jemadari wa Kirumi. Mimi nilikuwa Yesu, nikapewa shuka.

"Yesu ndiye mkubwa," mama alinibembeleza.

"Basi yeye awe Yesu!"

Katikati ya igizo, askari walimvua jemadari joho wakanivika mimi kunidhihaki. Lilikuwa zito, lina joto la mgongo wake. Nikanyoosha mabega.

Kaka akalivuta. "Leta, ni langu."

Nililia kwa sauti, na kanisa zima likalia.

"Huyu mtoto anampendaga Yesu," akinamama walinong'onezana.