Kibanio Kitupu

Walipoleta bahasha ya picha nyumbani kwangu na kuniomba nichague zitakazotundikwa, ilinipasa kukataa. Nilikubali, tena nikaona nimeheshimiwa.

Picha zilikuwa za watu kumi na wawili wa hapa Busunzu, wote waliowahi kuugua ugonjwa wa akili. Binti mwezeshaji alikuja kutoka Kibondo mjini akawagawia kamera ndogo, akawaambia wapige picha ya kile ambacho hakuna anayewauliza. Alikuwa na sharti moja: siku ya maonyesho kila mtu asimame kando ya picha yake aieleze mwenyewe. Hakuna kumsemea mwenzio. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa mwenye kidato cha nne, basi bahasha ikaishia mikononi mwangu.

Picha ya nne ilikuwa ya dada yangu mdogo. Alikuwa ameingia stoo yangu ya mahindi, akafunga mlango, akapiga picha akiwa ndani. Giza tupu, mstari wa mwanga chini ya mlango, na sahani ya bati nusu ndani, nusu nje.

Sahani ile naijua. Mtoto wake mmoja alipofariki, akili yake ilipotea, akawa anashinda barabarani akiyafokea magari. Niliona aibu. Nilimfungia stoo wiki sita, chakula nikakipitisha chini ya mlango, majirani nikawaambia yuko kwa ndugu Kasulu. Mke wangu ndiye aliyechoka, akavunja kufuli, akampeleka hospitali. Dawa zikamrudisha. Kuhusu stoo, mimi na dada hatukusema neno.

Niliitia picha ile katika mfuko wa koti, nikarudisha kumi na moja.

Siku ya maonyesho picha zilibanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Dada alitembea kamba nzima, akarudi mwanzo, akatembea tena. Kisha akanijia.

"Kaka, yangu iko wapi?"

"Labda haikutoka vizuri."

Alinitazama kidogo tu. Akaenda penye kibanio kisicho na kitu, akasimama kando yake, mikono ameishika mbele, kama wenzake.

Bibi mmoja muuza ndizi akacheka. "Wee mama, hapo ndipo ilipo picha ya mumeo aliyekukimbia?"

"Yule hata kwenye picha hakai," dada akajibu, na watu wakacheka naye. Kisha akaanza kueleza. "Hapa pangekuwa na mlango. Nilipougua nilikaa nyuma yake wiki sita. Nilijua kumekucha kwa mwanga wa chini."

"Si ulikuwa Kasulu?" bibi akauliza.

"Kasulu yangu ilikuwa stoo, bibi."

"Nani alikufungia?"

"Sharti ni kila mtu ajisemee. Atasema mwenyewe akitaka."

Watu walianza kutazamana. Nilijikuta nimesimama. Nikasema ni mimi, na kwamba picha ninayo. Niliitoa mfukoni ikiwa na kunyanzi katikati, nikaibana pale. Kibanio kikaanguka mara mbili.

"Kibane vizuri, mzee," bibi akasema. "Leo huna cha kuficha tena."

Alisema kweli. Nilihisi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mlima mrefu. Hata pumzi iliingia kwa njia nyingine. Baadaye mwanamume mmoja wa kitongoji cha juu alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba naye ana mwanawe nyuma ya kufuli. Jumatatu tulikwenda pamoja kumfungulia, tukamfikisha hospitali. Kijana huyo sasa analima maharage, na akinikuta njiani hunisalimu.

Dada ni mzima. Ananicheka kwenye simu, ananiuliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha. Ya stoo alinisamehe, aliniambia hivyo waziwazi. "Ulikuwa hujui, kaka. Lakini picha uliificha ukijua."

Mwezi uleule alifungasha akahamia Kitanga kwa binti yake. Tangu utotoni tulikuwa tumeishi ua mmoja. Sasa namwona mara mbili kwa mwaka, na akija hulala kwa jirani. Kwangu halali tena.