Shangazi Aliyenipima Mabega

Wakati wa Mwingereza, kabla sijaoa, nilikuwa mchukuzi bandarini Bukoba. Tulipakia magunia ya kahawa kwenye meli ya ziwani, na mimi gunia nililiweka bega la kushoto kwa sababu ndivyo nilivyoanza. Sikudhani kama kuna mtu angenihoji kwa ajili ya bega hilo.

Nikamchumbia binti wa kijiji cha Kashozi. Baba yake alikuwa amefariki, hivyo aliyekuja kwetu Kaagya kukagua nyumba niliyojenga ni shangazi yake. Mumewe marehemu alikuwa fundi mwashi, akamwachia pimamaji ndogo, kipande cha mbao cha urefu wa kiganja chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa ndani. Kiputo kikitulia katikati, kitu kimelala sawa. Kikikimbilia upande, upande huo ndio ulioinuka. Mjane yule aliamini hakuna jambo duniani ambalo chombo kile hakiwezi kulisema.

Baba alimkaribisha kwa buni za kutafuna, heshima yetu kwa mgeni. Hakuzigusa. Alipiga magoti, akasogeza nyasi tulizotandika sakafuni, akapima. Sawa. Akapima kitanda, kigoda, dirisha, halafu mdomo wa chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambayo hakuna aliyekuwa ameionja bado. Kote kiputo kilitulia. Baba akaanza kutabasamu.

"Sasa bwana harusi asimame," shangazi akasema.

Akaomba ufito ulionyooka, akaulaza juu ya mabega yangu nyuma ya shingo, na pimamaji juu ya ufito. Kiputo kikakimbilia kulia kama kimeitwa.

"Amelalia kushoto," akatangaza.

"Waitu mama," baba akasema kwa adabu ya kwetu, "huyu ni mtu, si ukuta."

"Ukuta ulioinama huanguka, baba, na aliye ndani hufunikwa. Mwanangu ndiye atakayekuwa ndani."

Nilidhani baba angemtoa nje. Badala yake aliinama, akakitazama kile kiputo kwa muda mrefu, kisha akaomba apimwe na yeye. Akatoka sawasawa kabisa. Tangu hapo akawa upande wa shangazi.

"Mimi na uzee huu nimenyooka," akaniambia. "Wewe umejipindia wapi?"

Wakakubaliana kwamba harusi ingoje, na mimi nibebe magunia kwa bega la kulia mpaka nisawazike. Bandarini nilipepesuka kama mlevi. Nyapara akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba naoa.

Kila Jumapili baada ya misa nilisimama nyuma ya kanisa la Kashozi nikapimwa. Shangazi alisoma kiputo, na mchumba wangu alisimama nyuma yangu kushika ufito usidondoke. Mpaka wakati ule tulikuwa hatujazungumza hata mara moja peke yetu.

"Inua bega kidogo," alininong'oneza Jumapili moja.

"Nikiinua nitaonekana."

Nikahisi ufito unapanda wenyewe upande wa kushoto.

"Toa kidole!" shangazi akafoka.

Tulicheka wote wawili, na hapo ndipo nilipojua kwamba ningebeba hata meli yenyewe kwa bega la kulia. Nikaendelea. Msimu wa kahawa ulipokwisha, kiputo kilisimama katikati, kikatulia. Shangazi alifuta machozi.

"Afunge ndoa upesi," akasema, "kabla hajaharibika tena."

Haraka hiyo ikatuletea balaa. Koti langu la harusi lilishonwa zamani, nilipokuwa bado nimeinama, na fundi cherehani wa mjini alikuwa amejaza pamba bega la kushoto ili kuficha mwinamo wangu, na hapakuwa na muda wa kulishona upya. Sasa nilionekana kama mtu aliyeficha kuku ndani ya nguo. Kanisani minong'ono ikaanza nyuma yangu. Padre alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, shangazi akasimama.

"Ni koti tu, padre," akasema kwa sauti. "Mwili wake nimeupima mwenyewe."

Padre, mgeni asiyejua habari zetu, alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akaamua kuendelea. Mchumba wangu alipotakiwa kujibu alikuwa anacheka kimyakimya mpaka machozi yanamtiririka. Ndugu zake wakadhani analia kwa uchungu wa kuwaacha, nao wakaanza kulia, benchi moja baada ya jingine, na "ndiyo" yake hakuna aliyeisikia ila mimi.