Nilimwonjesha Rafiki wa Mjukuu Wangu Chakula Alichopika Mwenyewe

Ulikuwa mwaka ule migomba iliponyauka, tukala ugali wa muhogo hadi kwenye harusi. Mwaka huo ndio nilimkosea mjukuu wangu. Sikusukumwa na mtu. Mdomo ulikuwa wangu.

Shule yangu iliishia darasa la tatu, mwandiko mtauvumilia.

Mjukuu huyu, Anisia, nimemlea tangu mama yake afariki. Alipokuwa anasomea diploma chuo cha hapa jirani, marafiki walijaa hadi nyumba haipoi. Akapata chuo kikuu, mbali, akaingizwa moja kwa moja mwaka wa pili. Wenzake walikuwa wameshazoeana, kila mtu na kundi lake. Muhula mzima mtoto alikula peke yake. Alinipigia simu analia, anataka kuacha.

Nikamwuliza, "Ulikwenda kusoma au kutafuta ndugu?"

Ujinga mtupu!

Ndipo akampata Konsolata, binti wa Biharamulo. Huyo alimfuata mwenyewe pale alipokaa, akamwuliza kama naye ni wa Kagera. Wakaishi chumba kimoja. Tangu hapo simu zikawa Konsolata kasema, Konsolata kapika. Mimi mlezi sikuulizwa hata kama mguu umepona. Nikamchukia msichana kabla sijamwona.

Likizo wakaja wote wawili hapa kwetu Murukulazo. Msichana akapiga goti, shikamoo bibi. Nikaitika marahaba huku natazama mbuzi. Kesho yake akaomba jiko, akapika maharage na ugali, akawatengea na kina mama wa jumuiya waliokuja kusali kwangu.

Huku kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni anywe kwa amani. Huonja kwa hiari yake. Lakini kumwamuru mtu aonje chakula alichokupikia ni kumwambia ametia sumu. Nilijua hivyo. Nikasukuma sahani mbele yake, kina mama wote wanatazama.

"Onja wewe kwanza."

Konsolata ni mtoto wa huku, alielewa. Akala matonge mawili, akanawa. Aliyesema ni Anisia.

"Bibi, huyu ndiye aliyenizuia nisiache chuo."

"Basi akulee yeye."

Asubuhi msichana akaondoka. Chuo kilipofunguliwa akahama chumba. Hakunisema kwa mtu, alihama tu. Anisia akarudi kula peke yake, na safari hii hata mimi hakunililia. Likizo iliyofuata hakuja. Hao kina mama nao sasa wanakwenda kusali kwa jirani.

Bibi wenzangu, mjukuu akileta rafiki, mpokeeni hata kama roho inawaka. Rafiki wa ugenini hauzwi sokoni Kabanga. Na wivu wa kizee unanuka, mwenyewe hausikii, wageni wanausikia.

Juzi Anisia amepiga simu. Amesema Konsolata amekubali kunisikiliza, yuko hapo pembeni yake, niseme neno moja tu. Nilisikia hata pumzi ya yule msichana.

Nikasema, "Siombi radhi kwa mtoto."

Anisia akanisihi. Akasema hana mwingine kule, akimkosa huyu safari hii anaacha chuo kweli. Ninyi nimeshawaandikia kwamba kosa ni langu, na ni langu. Neno lenyewe nilikuwa nalo. Wao wawili wananisubiri.

"Siombi radhi kwa mtoto."