Adui wa Juu

Mchora ramani mstaafu wa jeshi aliachiwa na mkewe kazi moja tu: kulinda vifaranga wakati yeye amekwenda kumjulia hali mjukuu. Basi mzee akafurahi kama aliyeitwa tena kambini. Aliuchora ua mzima mchangani, vizibo vya soda vikawa vifaranga, kisha akamwita jirani yake, fundi cherehani, aje aone.

"Nguchiro hupita mtaroni, nimeziba. Paka hupita ukutani, nimeweka miiba. Hapa hapenyi mtu, bwana!"

"Kweli wewe jemadari," fundi akasema. "Na yule je?"

Mwewe alikuwa ameshashuka. Alinyakua kifaranga mmoja, akapaa naye taratibu kama mwenye kibali.

Mzee akamkimbiza hadi ukutani. "Enzi zetu adui alikuja kwa miguu!"

"Enzi zenu hizo. Siku hizi ukisikiliza redio, vita vyote viko juu."

Mkewe aliporudi alimkuta katikati ya ua, mwavuli wazi, vifaranga wamemzunguka miguuni.

"Baba watoto, mvua iko wapi?"

"Mmoja tumempoteza, mama," akajibu, macho mbinguni. "Wa pili simtoi. Hebu nishikie mwavuli, mkono umekufa ganzi."