Kaburi la Urefu Wake

Tangu Adamo apotee, hakuna tena anayeinama mlangoni kwa Zuleica. Mumewe alikuwa mkwezi wa minazi pale Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, mrefu kupita wote, na kila alipoingia ndani alishika mwimo na kukunja shingo. Walimtania kwamba minazi mifupi huiangua amesimama.

Siku moja alikwenda Pundanhar kuuza nazi, hakurudi. Zuleica alipouliza kwa wakubwa wa serikali, aliambiwa bila haya kwamba pengine mumewe kaingia msituni na mashababi, wale waasi. Maneno hayo yakamtangulia kisimani. Miaka mitatu aliteka maji akigeuziwa mgongo. Hata Muhamudo, mdogo wake Adamo, hakufungua kinywa kumtetea.

Kisha mvua ikafukua mifupa kando ya barabara ya Pundanhar. Fuvu halikuwepo. Kulikuwa na mbavu chache, mikono iliyofungwa kamba ya nailoni, na mfupa mmoja mzima wa paja. Daktari Verónica, aliyetoka Pemba, mji mkuu wa mkoa, aliulaza mfupa huo juu ya ubao wa kupimia, akapiga hesabu, akamwita Zuleica. Alimweleza kwamba mwenye paja hilo, enzi ya uhai wake, alikuwa na mita moja na sentimita tisini, zikizidi au kupungua nne. Katika waliopotea njia ile, mwenye kimo hicho alikuwa mmoja tu.

Zuleica hakulia. Aliuliza ile kamba aliifunga nani.

Asubuhi ya maziko, wachimbaji walitaka kipimo, maana kaburi huchimbwa kwa ufito uliokatwa sawa na maiti. Muhamudo akautazama mzigo mdogo wa sanda, akakata ufito wa urefu wa mkono.

“Mifupa yenyewe haijazi kikapu, shemeji. Tusiwachoshe watu.”

Zuleica akauvunja ufito ule gotini.

“Jina lake mmelila, mkashiba. Kimo chake hamkigusi. Chimbeni alivyokuwa.”

“Daktari mwenyewe kasema huenda zikapungua nne.”

“Basi wewe zidisha nne.”

Wakachimba hadi jua la utosi, jembe likigonga mawe, wale wa kisimani wakitazama.

Adamo amelala Quionga, nyuma ya msikiti, katika kaburi la mita moja na sentimita tisini na nne.