Mkate wa Mama na Koyote wa Makaburini

Eulalia Barraza amekata nyasi za makaburi ya Chicago hadi magoti yamechoka kuliko mashine. Asubuhi hiyo alimkuta koyote, yule mbweha wa Amerika, amelala juani peupe. Upele ulikuwa umemnyonyoa manyoya mgongo mzima, na alipomwona mtu hakukimbia.

Daktari wa wanyama alikuja, akamnasa kwa wavu, akamtazama ufizi.

"Amekula panya wenye sumu. Sumu humdhoofisha, ndipo upele unamvamia. Nitamtibu, lakini simrudishi hapa makaburini mpaka sumu iondolewe."

Sumu aliitega Eulalia mwenyewe, kwa sababu ya panya waliofuata mikate ambayo watu huwaachia marehemu wao.

"Tuondoe sumu," akasema Casimir, mkata nyasi mwenzake.

"Na panya?"

"Tuzuie mikate. Ila wewe ndiye utakayewaambia akina mama. Mimi bado napenda kuishi."

Sikukuu ya marehemu ilipofika, wa kwanza kuambiwa kuwa mikate imekatazwa alikuwa Chayo, mdogo wa Eulalia, aliyeleta mkate wa marehemu mama yao.

"Dada, yaani mama alale njaa kwa ajili ya mbweha?"

Eulalia aliketi kando ya kaburi la mama, akaumega mkate, akauacha utoe harufu kwanza.

"Marehemu hula harufu tu, mama mwenyewe alitufundisha. Ameshashiba. Kaa tule."

Chayo alinuna, kisha akaketi. Wakala mpaka makombo, panya wasiachiwe kitu.